Ajenti anataka tusaini bima ya uzeeni kabla ya mwezi kwisha. Tusaini?

Mshauri, habari za siku nyingi?

Mimi ni mama wa miaka 52, Mkenya, tunaishi Kent katika jimbo la Washington, Marekani. Nafanya kazi ya kutunza wazee kwenye mojawapo ya zile nyumba za wazee wasiozidi sita ambazo Wakenya wengi huku tumeajiriwa au tunaziendesha. Mume wangu ana miaka 60, ni dereva wa lori wa kampuni. Sote wawili tunaingiza kama dola 118,000 kwa mwaka kabla ya kodi. Tuna nyumba ambayo bado tunailipia benki, akiba ya kustaafu ya 401(k) inayofika kama dola 70,000 kwa jumla, na nyumba mbili za kupangisha Nakuru. Watoto ni wawili: mmoja yuko Texas, mwingine bado yuko chuoni.

Muumini mwenzetu kanisani ni ajenti wa bima. Ametuletea bima ya matunzo ya muda mrefu kwa dola 240 kwa mwezi, sisi wawili. Tukifika mahali pa kushindwa kujihudumia, kampuni italipa hadi dola 150 kwa siku kwa kila mmoja, kwa miaka mitatu, baada ya kungoja siku 90. Anasema bei hiyo haitabadilika kamwe, na kwamba tusaini kabla ya mwezi kwisha. Mume wangu ana kisukari na anameza vidonge. Ajenti alimwambia asiandike hilo kwenye fomu kwa kuwa sukari yake imetulia.

Mume wangu hataki kusikia habari ya bima hii. Anasema tukifika 65 Medicare, ile bima ya afya ya serikali kwa wazee, itatushughulikia, kwamba tayari tunakatwa pesa za WA Cares, mfuko wa jimbo wa matunzo ya muda mrefu, kwenye mshahara, na kwamba hata hivyo tutarudi Nakuru na watoto watatulea. Mimi nayaona mambo kila siku kazini. Nawaogesha watu waliokuwa walimu na wahandisi, na nyumba zao zimeuzwa kulipia chumba wanacholala. Naogopa. Lakini makaratasi haya nayo siyaelewi, na sitaki kusaini kwa woga.

La mwisho ni mama yangu. Ana miaka 74, alikuja miaka miwili iliyopita kwa grinkadi (kibali cha ukaazi wa kudumu) niliyomwombea. Naweza kumkatia bima hii?

Mlezi, Kent

*

Dada Mlezi,

Hiyo karatasi iliyo mezani usiisaini. Bima ya aina hii inaweza kuwafaa, na nitakueleza ni ipi na kwa nani kwanza, lakini hii uliyoletewa ina kasoro ambazo hazitaonekana mpaka siku mtakapoihitaji.

Nianze na kisukari, maana hapo ndipo mnapoweza kupoteza kila kitu. Kampuni za bima hii huomba rekodi za hospitali na orodha ya dawa kabla ya kumkubali mtu, na zikigundua kwamba ugonjwa ulifichwa makusudi zinaweza kuufuta mkataba. Fikiria mmelipa miaka ishirini, shemeji yangu amepata kiharusi, unawasilisha madai, na mtu anafungua faili na kukuta fomu isemayo hana sukari. Kisukari cha vidonge kilichotulia hakimfungii mtu mlango katika kampuni zote. Wapo watakaomkubali kwa bei ya juu kidogo, na wapo watakaomkataa. Iandikeni kama ilivyo. Na ajenti anayemwambia mteja afiche ugonjwa, hata kama mnaketi benchi moja kanisani, msifanye naye biashara hii.

Sasa Medicare. Shemeji amekosea hapa, kama watu wengi wanavyokosea. Medicare hulipia makao ya uuguzi hadi siku 100 tu kwa kila kipindi cha ugonjwa, na ni baada ya kulazwa hospitali siku tatu mfululizo, na ni kwa ajili ya uuguzi wa kitaalamu au mazoezi ya kupona. Siku 20 za kwanza ni bure. Kuanzia ya 21 hadi ya 100 mgonjwa huchangia zaidi ya dola 200 kwa siku. Ile kazi unayoifanya wewe kila asubuhi, kumwogesha mzee, kumvisha, kumlisha, kumpeleka msalani, Medicare haiilipii ikiwa ndiyo pekee anayoihitaji.

Anayeilipia ni Medicaid, msaada wa serikali kwa wenye kipato na mali ndogo, na ndiyo sababu unaona nyumba zikiuzwa. Kwa mtu aliye peke yake Washington, Medicaid huanza kulipa gharama hizi pale akiba yake inapokuwa imeshuka hadi dola 2,000. Mke au mume anayebaki nyumbani hulindwa: huachiwa nyumba anayoishi na sehemu ya akiba. Lakini mwombaji huulizwa mali aliyoigawa katika miaka mitano iliyopita, na mtu aliyehudumiwa akiwa na miaka 55 au zaidi akifariki, jimbo hudai fedha zake kutoka kwenye mirathi. Nyumba zenu za Nakuru nazo zitaulizwa. Usidhani mali ikiwa ng'ambo haihesabiwi, na msizihamishie kwa watoto ghafla mkiona afya inayumba, kwa sababu hamisho kama hilo linaweza kuwanyima msaada kwa miezi mingi.

Kuhusu WA Cares, hapo shemeji ana hoja, na ajenti wenu angepaswa kuwaeleza. Mnakatwa asilimia 0.58 ya mshahara tangu Julai 2023. Kwa mshahara wa dola 52,000 hiyo ni kama dola 302 kwa mwaka. Novemba 2024 wapiga kura wa Washington walikataa pendekezo la kuufanya mfuko huo uwe wa hiari, kwa hiyo makato yapo. Sheria imeweka Julai 2026 kuwa mwanzo wa kulipa mafao: hadi dola 36,500 kwa mtu maisha yake yote, kiasi ambacho kitapandishwa kufuata mfumuko wa bei. Wewe utastahili kiasi kamili ukishachangia miaka kumi, bila kukatiza kwa miaka mitano mfululizo, au ikiwa umechangia mitatu kati ya sita kabla ya kuomba. Mwaka unahesabika ukifanya kazi angalau saa 500. Shemeji, ikiwa alizaliwa kabla ya 1968, ana njia ya tatu: kila mwaka aliochangia unampa asilimia kumi ya mafao kamili, hata kama atastaafu kabla ya kufikisha kumi.

Je, 36,500 inatosha? Kulingana na utafiti wa gharama wa 2024 wa kampuni za Genworth na CareScout, kitanda katika chumba cha watu wawili kwenye makao ya uuguzi Marekani ni dola 111,325 kwa mwaka kwa wastani wa kati, yaani kama 305 kwa siku. Msaidizi wa kuja nyumbani, saa 44 kwa wiki, ni 77,792. Kwa hiyo pesa za WA Cares zitadumu karibu miezi minne kwenye makao, au kama miezi mitano na nusu nyumbani. Hazitoshi. Lakini ziangalie pamoja na zile siku 90 za kungoja za bima ya binafsi. Siku 90 kwa dola 305 ni 27,450, na mtu asiye na akiba hapo ndipo anapokwama: bima anayo, ila haijaanza kulipa. WA Cares inaweza kuzibeba siku hizo. Inaruhusu pia kumlipa mtu wa familia anayekutunza, jambo ambalo mikataba mingi ya binafsi hailikubali. Angalizo moja: WA Cares hutaka uwe umeshindwa mambo matatu katika orodha yake ya shughuli za kila siku, wakati bima ya binafsi kwa kawaida hutaka mawili kati ya sita (kuoga, kuvaa, kula, kwenda msalani, kujihamisha kutoka kitandani hadi kitini, na kuzuia haja), au ugonjwa mkubwa wa kusahau.

Tuje kwenye hizo dola 150 kwa siku, maana hapa ndipo pendekezo lenu linapoanguka. Leo 150 ni karibu nusu ya gharama ya makao. Si mbaya. Lakini wewe una miaka 52, na siku ya kuihitaji huenda ikawa ukiwa na 82. Gharama zikipanda kwa asilimia 3 tu kila mwaka, kitanda cha 305 kitakuwa kama 740 baada ya miaka 30, na mkataba wako bado utakuwa unalipa 150 ileile. Sehemu moja kati ya tano. Mkataba wenye kipengele cha kukua kwa asilimia 3 kila mwaka, ukuaji juu ya ukuaji, ungekuwa umefika kama 364. Kipengele hicho ndicho ghali. Jumuiya ya wauzaji wa bima hii ya Marekani, AALTCI, ilikadiria mwaka 2023 kwamba mke na mume wenye afya wa miaka 55 wangelipa kama dola 2,100 kwa mwaka kwa mkataba usiokua, na kama 5,000 kwa ule unaokua kwa asilimia 3. Ajenti wenu amewaletea bei nzuri kwa kukitoa hicho.

Kuna hasara nyingine ya kukitoa. Washington ni miongoni mwa majimbo yenye mpango wa ubia kati ya bima binafsi na Medicaid. Mkataba ulioidhinishwa chini ya mpango huo unafanya hivi: kila dola ambayo bima imekulipia, dola kama hiyo ya mali yako haihesabiwi ukija kuomba Medicaid, na haidaiwi kwenye mirathi. Bima ikilipa 160,000 kisha ikaisha, unabaki na 160,000 zako na Medicaid inaanza. Kwa watu wa kipato chenu, wenye nyumba na akiba ya kiasi, sioni sababu kubwa zaidi ya kununua bima hii. Lakini sheria ya shirikisho inataka mkataba wa ubia wa mtu aliye chini ya miaka 61 uwe na mafao yanayokua kila mwaka. Wewe una 52, shemeji 60. Huo wa mezani haustahili.

Kisha bei "isiyobadilika kamwe". Mikataba mingi husema kampuni haiwezi kukufuta mradi unalipa. Hiyo ni ahadi ya kutokufuta, haisemi lolote kuhusu bei. Kampuni inaweza kuomba idhini ya jimbo na kupandisha kwa kundi zima la wateja, na wamefanya hivyo mara nyingi. Mwaka 2016 mpango wa bima hii wa wafanyakazi wa serikali ya shirikisho ulipandisha kwa wastani wa asilimia 83. Machi 2017 kampuni ya Penn Treaty ya Pennsylvania ilifungwa kwa amri ya mahakama ikiwa na wateja wapatao 76,000, na mifuko ya dhamana ya majimbo ikabeba madai yao hadi kikomo cha kila jimbo. Wote hawa walikosea hesabu kwa namna moja: watu waliishi muda mrefu kuliko walivyodhani, na wachache mno waliacha kulipa njiani.

Hilo la kuacha njiani ndilo ninaloliogopa zaidi kwenu. Bima hii si akiba. Ukilipa kutoka 52 hadi 74, kisha bei ipande na ushindwe kwa pensheni, karibu kila ulichotoa kimekwenda. Bei ikipandishwa huwa unapewa nafasi ya kupunguza mafao ili ubaki na malipo yaleyale, na mara nyingi hiyo ni afadhali kuliko kuacha kabisa. Lakini jiulizeni sasa: mkistaafu, mkitegemea Social Security (pensheni ya serikali) na kodi za Nakuru, mngeweza kulipa kiasi hiki kikipanda kwa nusu? Wasimamizi wa bima nchini hutumia kipimo cha asilimia 7 ya kipato. Pimeni kwa kipato cha uzeeni, msipime kwa hizo 118,000 za leo.

Nakuru. Sitaki kumkatisha shemeji tamaa, maana kurudi nyumbani ni mpango halali na kwa gharama ni mzuri: mshahara wa mtu wa kuwatunza huko hauna uhusiano na 305 kwa siku. Malipo ya Social Security humfuata raia wa Marekani hadi Kenya. Medicare haimfuati. Na bima hizi nyingi ama hazilipi kabisa nje ya Marekani, ama hulipa sehemu ndogo kwa muda mfupi. Kwa hiyo, ikiwa kweli mna hakika ya kurudi kabla ya miaka 70, pesa hizo zina kazi bora katika 401(k). Ila semezaneni kwa ukweli. Watoto wenu wako huku, wajukuu watazaliwa huku, na hospitali iliyozoea sukari yake iko huku. Wazee wengi waliopanga kurudi hujikuta wanasema mwaka ujao, mwaka ujao, hadi miguu inakataa safari.

Na kuhusu watoto kulea, watawalea, sina shaka. Lakini matunzo hayafanani na msiba. Jamii yetu huku hujua kuchanga: mtu akifariki, harambee ya kusafirisha mwili inafanyika kwa wiki moja na pesa zinapatikana. Hakuna harambee ya miaka minne ya kulipia mtu wa kumgeuza mama kitandani usiku.

Takwimu za serikali ya Marekani zinasema kati ya watu wanaofika 65, karibu asilimia 70 watahitaji matunzo ya namna fulani, na kwamba wanawake huyahitaji kwa wastani wa miaka 3.7 na wanaume 2.2. Shemeji ni mkubwa kwako kwa miaka minane na ana sukari. Nakwambia kwa upendo: yakija, wewe ndiwe utakayemtunza, na una ujuzi wa kazi hiyo kuliko mtu yeyote. Utakayebaki bila wa kukugeuza ni wewe. Kwa sababu hiyohiyo kampuni huwatoza wanawake zaidi. Kwa hiyo fedha zikitosha kwa mkataba mmoja tu ulio mzuri, uwe wako.

Ningekuwa mimi, ningefanya hivi. Kwanza hakikisheni kila mmoja anaweka kwenye 401(k) angalau kiasi kinachomwezesha kupata mchango wote wa mwajiri, kama mwajiri anachangia, maana kwa umri wenu 70,000 ni kidogo. Kisha mwombe wakala anayeuza kwa niaba ya kampuni kadhaa akuletee bei tatu: mkataba wako peke yako, wa mpango wa ubia, unaokua kwa asilimia 3, wa dola 120 hadi 150 kwa siku, miaka mitatu, kungoja siku 90. Akiwa huko aulize pia bei ya wote wawili, na kisukari kikiwa kimeandikwa. Muulize kila kampuni imepandisha bei mara ngapi katika miaka kumi iliyopita na kwa kiasi gani. Zinatakiwa kukupa historia hiyo.

Halafu soma kipengele ambacho watu hukiruka, na wewe utakielewa kuliko ajenti: mkataba unaita nini "makao"? Ipo mikataba inayotaka muuguzi aliyesajiliwa awepo saa 24, au idadi fulani ya vitanda. Nyumba ya wazee sita kama hiyo unayofanyia kazi inaweza kuachwa nje hapohapo, na ndiyo aina ya mahali ambapo wewe mwenyewe ungependa kuishi. Angalia pia kama siku 90 zinahesabiwa kwa kalenda au kwa siku ambazo umelipia huduma. Ukihudumiwa siku tatu kwa wiki, siku 90 za huduma ni miezi saba.

Mama, kwa kifupi: usimkatie. Kwa miaka 74 bei ni kali na kampuni nyingi zinaweza kumkataa kwa afya. Akiwa na grinkadi, kwa kawaida atangoja miaka mitano kabla ya Medicaid ya shirikisho, na miaka mitano ya kuishi hapa mfululizo ndiyo itakayomruhusu kununua Medicare pia. Amebakiza mitatu. Kumbuka kwamba ile fomu ya udhamini uliyosaini inakubana mpaka awe raia au miaka ya kazi inayotakiwa itimie. Hizo pesa za bima ziwekee bima yake ya kawaida ya afya katika miaka hii mitatu.

Kabla ya kusaini chochote, pigia SHIBA, huduma ya ushauri ya ofisi ya kamishna wa bima ya Washington. Ni bure, hawauzi kitu, na unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili ikiwa shemeji atapenda kusikiliza kwa lugha yake. Na ikiwa mlishasaini kabla barua hii haijakufikia, mnazo siku 30 tangu mlipopokea mkataba kuurudisha na kurudishiwa fedha zote. Fanyeni hivyo kwa maandishi, kwa posta ya rejista, na mweke nakala.